Tatu na Nusu kwa Bundi wa Chuma

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumamosi, boksi la kahawia lilikuwa limekaa mbele ya mlango wa Shamte, mjini Katy, nje ya Houston, Marekani, na mshale uliochorwa ubavuni kuonyesha upande wa juu ulikuwa umeelekea chini.

Shamte hakuligusa. Alilipiga picha nne kwa simu, moja kila upande, kisha akaenda kuchukua rula akapima pembe iliyobonyea. Milimita sita. Mkewe, Badria, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Boksi hilo au maiti?" akauliza.

"Ushahidi huu, Badria. Likizuka la kuzuka, tuwe na ushahidi."

"Haya, Bwana Vipimo. Ingia nao ndani huo ushahidi, majirani washaanza kuchungulia."

Jina hilo Shamte hakulichukia. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya Houston, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuamua kama damu iliyoletwa inafaa kupimwa au haifai. Iliyochelewa, iliyoganda, iliyotiwa kwenye chupa siyo, aliikataa, na muuguzi aliyeileta akaandikiwa sentensi moja isiyobadilika: kosa limetendeka kabla ya kufika maabara. Mwaka uliopita aliiandika mara mia mbili na kumi na mbili. Idadi hiyo alikuwa nayo kichwani, na aliitaja kwenye karamu za watu bila ya kuulizwa.

Ndani ya boksi mlikuwa na kitabu kimoja cha katuni, *Bundi wa Chuma*, toleo la tatu, kilichochapwa Marekani mwaka 1971. Hakikuwa chake. Kilikuwa cha shemeji yake, Shuaib, mdogo wake Badria, dereva wa lori anayeishi Mansfield, upande wa Dallas. Na kabla ya Shuaib kilikuwa cha marehemu baba yao, Mzee Makame, karani wa posta Unguja. Mzee huyo alikipata kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Nyumbani hakukuwa na kitabu cha watoto, basi akakaa na penseli iliyochongwa vizuri, akaandika Kiswahili chini ya kila neno la Kiingereza, ukurasa hadi ukurasa, ili wanawe wapate cha kusoma. Bibi yao hakutaka bundi alale ndani, hata wa karatasi, kwa hivyo kila usiku kilitolewa kikalazwa jikoni uani. Hivyo ndivyo Badria na Shuaib walivyojifunza kusoma: kwa kinywa cha ndege ambaye watu wengine wakimsikia hufunga madirisha.

Novemba, Shamte alipokwenda Mansfield, alikikuta kitabu hicho gereji kwa Shuaib, ndani ya mfuko wa plastiki, kinanuka uvundo. Akashtuka. Yeye mwenyewe alikuwa na vitabu thelathini vya namna hiyo, vyote vimepimwa. Marekani yako makampuni ambayo kazi yao ndiyo hiyo: unawapelekea kitabu cha katuni, wanakikagua kwa taa na kioo cha kukuza, wanakipa alama katika kumi, kisha wanakifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lisilofunguka ila kwa kuvunjwa, alama ikiwa imebandikwa juu. Ukilivunja, alama imekufa. Haya yote Shamte alimweleza Shuaib kwa dakika arobaini, juu ya kochi, siku ambayo Shuaib alikuwa ametoka El Paso na lori bila ya kulala. Mwisho Shuaib aliuliza swali moja tu.

"Kitarudi kama kilivyo, shemeji? Manake nimemuahidi Tasnim. Anasoma Kiswahili madrasa kila Jumapili, nataka asome maneno ya babu yake."

"Kitarudi kama kilivyo," Shamte alisema. "Juu yangu. Na alama yake nakwambia sasa hivi: sita na nusu. Penseli nimeshaitoa kwenye hesabu. Haishuki hata nusu."

Leo Shuaib alikuwa njiani anakuja kukichukua, na bintiye. Makubaliano yalikuwa boksi lisifunguliwe mpaka afike.

Saa tatu na nusu Shamte alilifungua. Alimwambia Badria kwamba anakagua usafirishaji tu.

Alama iliyobandikwa juu ya kasha ilikuwa tatu na nusu.

Aliisoma mara tatu, akafuta miwani, akaisoma tena. Chini ya plastiki Bundi wa Chuma alikuwa ametanua mbawa zake kama zamani, lakini mbingu nyuma yake, ambayo Shamte aliikumbuka ya buluu, ilikuwa imeingia manjano kama meno ya mvuta sigara. Karatasi ya wapimaji ilisema: doa la moshi, jalada la mbele na la nyuma, mabaki ya kunata, harufu kali, maandishi ya penseli ndani.

"Moshi!" alisema Shamte. "Nyumba hii nani anavuta?"

"Hakuna," alisema Badria.

"Na kwa Shuaib?"

"Hakuna."

"Basi wao." Alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta. "Mambo mawili yakitoka, linabaki la tatu."

Kuna ukurasa mtandaoni ambapo wateja wa makampuni hayo hupeana pole. Mmoja anasema kitabu chake kilikaa miezi minane, mwingine kasha lake lilirudi na unywele ndani, wa tatu anasema alama zinategemea mpimaji ameamka upande gani. Shamte alikuwa akiwasoma kwa miaka na kuwadharau, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeweka kipimo. Sasa alijiunga nao. Aliandika aya sita. Alitaja miaka yake kumi na tisa ya maabara. Alitaja milimita sita. Alieleza kwamba kitabu kilitoka mikononi mwake baada ya matayarisho ya wiki mbili, hatua tisa, kila moja imeandikwa daftarini. Kwamba alikifikisha mwenyewe kwenye meza ya kampuni, katika tamasha la katuni Dallas, kikiwa kimefungiwa mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari. Hakutaja kwamba Badria siku hiyo alikaa kiti cha nyuma, saa nne nzima. Alimaliza kwa kusema kuwa yeye hasemi kwa hisia, anasema kwa ushahidi, na kwa ushahidi huo ndani ya ghala la kampuni hiyo watu wanavuta sigara. Akatoa nyota moja.

Katika dakika ishirini watu kumi na mmoja walimuunga mkono. Shamte alijisikia vizuri, akaipigia simu kampuni.

Alipewa muziki kwa dakika kumi na moja. Mtu wa kwanza alimpeleka kwa wa pili, wa pili akampeleka idara ya mapokezi, na huko akapokea mwanamke aliyesema Kiingereza kwa uangalifu, kama mtu anayebeba sahani nyingi. Shamte alitaja jina lake herufi moja moja. Mwanamke akalirudia lote mara moja.

"Papa, weye ni mtu wa Tanzania?"

"Zanzibar."

"Ah! Basi tuseme Kiswahili, papa, Kingereza inanichokesha toka asubui. Mimi ni Kethia. Niko huku kwa kupokea vitabu. Na ile kartoni yako, ni mimi nilifungua."

Shamte aliwasha spika, akavuta daftari, akaandika jina na saa. "Ulifungua wewe mwenyewe?"

"Na mikono yangu mwenyewe! Siwezi kusahau ile siku. Nilifungua, harufu ikatoka, pale pote ikanukia muzuri! Mama Orpa, mwenye tunatumikaka naye, akaacha kazi akasema, 'Ni nani ameleta arusi hapa?' Tulicheka, papa! Wazungu wakakuja kunusa, moja moja."

"Harufu ya sigara?"

"Sigara? Apana, papa. Arusi. Ile harufu ya bibi arusi wa Waislamu. Kule kwetu Uvira tulikuwa na majirani ya vile. Akipita tu barabarani unajua leo kuko ndoa. Na kitabu ilikuwa inakamata vidole, kama ya mutoto mwenye ameshika sukari."

Kalamu ya Shamte ilisimama juu ya daftari.

"Papa, uko?"

"Nipo."

"Tulipiga picha mbele ya kupeleka kwa wapimaji. Nikutumie?"

Angeweza kusema asihangaike. Lakini mtu aliyezoea kuomba ushahidi huomba hata ule usiomfaa. "Nitumie," alisema.

Picha ilifika kabla hawajaagana. Ilikuwa na tarehe ya Desemba, siku ya pili baada ya tamasha, na mbingu nyuma ya bundi ilikuwa imeshaingia manjano.

Alipogeuka, Badria alikuwa ameegemea mlango, amekunja mikono. Aliinua kidole akaonyesha dari. Pale juu, kwenye chumba hicho ambacho Shamte hukiita ofisi, king'ora cha moshi kilikuwa bado kimevishwa kofia ya plastiki ya kuogea, yenye maua, imebanwa kwa mpira ili kisilie.

"Kofia yangu hiyo," alisema Badria. "Naitafuta tangu Novemba."

Shamte alilifungua daftari taratibu, kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Hatua ya saba ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko safi kabisa: *kuondoa uvundo kwa moshi mkavu, dakika nne, mara tatu, umbali, sentimita ishirini.*

Moshi mkavu. Hilo ndilo jina alilolipa. Alichokifanya hasa ni kuchukua chetezo, kutia mkaa, kutia udi ambao mama yake humletea kutoka Unguja kila apatapo msafiri, udi wa kupikwa kwa sukari na manukato, kisha akakifukiza kitabu cha Mzee Makame kama inavyofukizwa nguo ya harusini, jalada la mbele, jalada la nyuma, amekifungua katikati kama kanga. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa na kitu kinachonuka ambacho kinakwenda kwa watu, na mkono ukafanya kile ambacho mikono ya kwao hufanya kabla kitu hakijatoka mlangoni; baadaye kichwa kikaja kuandika maneno ya maabara. Kwamba sukari ikiungua pamoja na mafuta ya manukato hupanda na moshi na kugandia juu ya kila kitu, angeweza kumweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Angemweleza kwa mchoro.

"Mimi kanzu zako siziweki karibu hivyo," alisema Badria. "Huingia madoa. Ungeuliza. Lakini wewe na kuuliza mbali mbali."

"Nilipima umbali."

"Ulipima. Ulipima sana." Badria hakuwa anacheka tena. "Kile ni kitabu cha baba, Shamte."

"Najua."

"Shuaib alikuuliza suala moja tu. Sasa utamwambia nini?"

Saa ilikuwa tano na robo. Shuaib alikuwa amepita Corsicana, bado saa tatu afike. Shamte alitazama mezani, na ukweli ni kwamba kesi yake ilikuwa imekamilika: boksi lililopinduliwa, pembe iliyobonyea, picha nne, na huko mtandaoni mashahidi walikuwa wameshafika ishirini na sita, mmoja wao akiapa kwamba aliwahi kusikia harufu ya sigara kwenye kasha lake. Katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na faili zuri kuliko hilo. Lilikosa kitu kimoja tu.

Alirudi kwenye kompyuta. Alifuta aya sita, akaandika sentensi mbili fupi: *Kosa limetendeka kabla ya kufika maabara. Mwenye kosa ni mimi.* Akabadilisha nyota moja kuwa tano. Katika dakika kumi watu wanne walimwita kibaraka wa kampuni, na yule wa sigara akamwambia aone haya.

Saa nane na dakika ishirini gari ya Shuaib iliingia. Shuaib alishuka akijinyoosha mgongo, mtu mrefu mwenye kofia ya kiua imekaa upande. Nyuma yake alishuka Tasnim, mwenye miaka tisa, amekumbatia mkoba ambao ndani yake, baba yake alieleza, mlikuwa na kamusi.

"Shemeji! Ndege karudi kwenye tundu?"

"Karudi," alisema Shamte. "Karibuni. Nimeandaa maelezo." Na kweli alikuwa na karatasi mkononi, imechapwa, yenye vichwa vya habari.

Badria aliipokonya karatasi akaikunja. "Sema kwa kinywa, bwana."

Shamte alibaki na mikono mitupu, jambo ambalo hakulizoea. "Nilikifukiza udi," alisema.

"Ulifukiza nini?"

"Kitabu. Kabla ya kukipeleka. Kilikuwa kinanuka, nikakitia udi wa sukari mara tatu. Kimeingia madoa, kimepata tatu na nusu. Si kampuni, si aliyekisafirisha. Mimi."

Shuaib alimtazama dada yake, kama mtu anayetaka tafsiri. Badria akaitikia kwa kichwa. Shuaib alilichukua kasha, akalipeleka dirishani, akaligeuza mbele na nyuma. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Alama sijali, sijui hata inaliwa na nini. Maandishi ya baba yapo?"

"Yapo."

"Una hakika?"

Shamte alifungua kinywa aseme ndiyo, akakifunga. Alikuwa amekipiga kitabu kile picha sitini na moja. Majalada, uti, pembe nne, pini zinazoshika kurasa. "Sina hakika," alisema. "Karatasi ya wapimaji inasema mna maandishi ya penseli. Haisemi kama yanasomeka. Mimi kwa ndani sikupiga picha hata moja."

"Ulipiga picha ngapi zote?"

"Sitini na moja."

"Za nini?"

"Nyingine za pini. Kumi na nane."

"Kitabu kina pini ngapi, shemeji?"

"Mbili."

Badria aligeukia ukutani, mabega yakimcheza. Shuaib hakucheka. Alikuwa anapapasa ukingo wa kasha kwa kucha. "Linafunguliwa wapi hili?"

"Halifunguki."

"Halifunguki vipi?"

"Nilikwambia Novemba."

"Novemba nililala, Shamte! Ulipofika kwenye gundi ya mgongoni mimi nilishalala. Nilijua ni kasha la kawaida, unafunua, unasoma, unafunika!"

"Ukilivunja, alama inafutika. Inabidi kupimwa upya."

Tasnim aliuliza kwa Kiingereza sasa yeye atasomaje. Shuaib aliuvuta mkono wa Shamte, akaliweka kasha juu yake.

"Aliyefunga ndiye afungue."

Shamte alileta bisibisi. Aliipangusa kwa spiriti, pande zote mbili, akaiacha ikauke. Kwa mazoea aliinua simu apige picha, na Badria akaitoa mkononi mwake. Akaingiza ncha ya bisibisi penye pembe ya juu, akabonyeza. Saa tisa kasoro dakika nne plastiki ilipasuka kwa mlio kama wa fupa la kuku. Kibandiko cha tatu na nusu kiliruka, kikaangukia kwenye sahani ya tende. Badria alikata mfuko wa ndani kwa mkasi wa kushonea.

Harufu ikatoka. Ilijaa sebule nzima, tamu, nzito, ya kuamkia harusi. Shuaib alikipeleka kitabu puani.

"Bwana we," alisema. "Bundi anaozwa leo."

Alikilaza mezani. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwenye pembe. Badria alizitenganisha kwa kucha, amezuia pumzi. Pambizo zilikuwa za manjano. Penseli ilikuwepo. Kila mstari ulikuwepo, mwandiko wa karani, umelala kidogo kuelekea kulia, na mahali pamoja Mzee Makame alikuwa amekata neno akaandika jingine juu yake.

"Hakikurudi kama kilivyo," alisema Shuaib.

"Hakikurudi."

"Kitu changu kingine sikupi tena, shemeji. Hata soksi."

"Haki yako," alisema Shamte.

Tasnim alivutiwa kiti. Aliweka kamusi upande wa kushoto na kidole chini ya mstari wa kwanza, akaanza kusoma maneno ya babu yake kwa sauti, kwa matamshi ya Mansfield, akisimama penye kila neno refu. Shuaib alimsahihisha mara mbili, Badria mara moja. Shamte alikuwa sakafuni anaokota vipande vya plastiki. Aliokota kumi na saba.

Saa tisa na dakika kumi na mbili Tasnim alifika mwisho wa ukurasa wa tano, akapiga chafya mara mbili, akafunua wa sita.